Kwa wifi yangu, kabla ya kikao cha Jumamosi

Wifi yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Umesema umeamua kunyamaza: kaka aende kikaoni na hasira zake, wewe ubaki nyumbani ukifunga na kuomba. Kufunga sikukatazi. Ila katika huo mfungo fungua Samweli wa Kwanza, sura ya 25, uisome polepole mpaka mwisho. Nakuandikia hadharani kwa sababu ukoo unaogombea kiwanja cha marehemu si wetu peke yetu, na wake walioolewa kati ya ndugu wasiosalimiana wamejaa kila mtaa.

Daudi wa sura hiyo si yule tunayemwimba Jumapili. Yuko nyikani, anamkimbia mfalme Sauli, na ana watu wa kulisha. Vijana wake wamelinda mifugo ya tajiri mmoja aitwaye Nabali, mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, wala hakikupotea kitu. Siku ya kukata manyoya, siku ambayo kila mtu anakula na kunywa, Daudi anatuma vijana 10 na salamu za heshima, waombe chochote kilichopo. Nabali anawarudisha na matusi: huyo mwana wa Yese ni nani? Siku hizi watumishi wanaowatoroka mabwana zao ni wengi! Daudi anaposikia anaagiza kila mtu ajifunge upanga. Watu 400 wanaondoka naye, 200 wanabaki na mizigo. Ameshaapa kwamba hadi kupambazuke hatabakiza mwanamume hata mmoja katika nyumba ile.

Sasa rudi nyuma sura moja. Pale pangoni En-gedi Sauli alikuwa mikononi mwake, naye akakata upindo wa vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo. Ni mtu yuleyule. Ndiyo maana sikubaliani nawe unaposema "kaka yako ndivyo alivyoumbwa". Kaka alimsamehe aliyemwibia dukani, na sote tulikuwepo. Kinachomshinda leo ni neno alilotamkiwa na mdogo wake mbele ya wanawe. Aliyeweza kumwacha hai mfalme anayemwinda alishindwa kuvumilia dharau ya mfugaji.

Abigaili, mke wa Nabali, aliyajua haya kwa sababu mtumishi mmoja alimwendea akamweleza yote, hata akathubutu kusema kwamba bwana wake ni mtu asiyesemezeka. Tunampita haraka sana kijana yule. Kwa hiyo mwanao alipokunong'oneza mipango aliyoisikia baba yake akiisema kwenye simu, usimkemee kwa umbeya.

Abigaili akafanya haraka. Mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano walioandaliwa tayari, bisi, vishada 100 vya zabibu kavu, mikate 200 ya tini. Akapakia punda, akatanguliza watumishi, mumewe hakumwambia neno. Nikifika hapo huwa nasimama. Hajui atakayekutana naye ana hali gani. Ni mwanamke na watumishi wachache, na huko mbele zinakuja panga 400.

Maneno yake ndiyo nataka uyatafakari zaidi. Alishuka, akainama hadi nchi, akasema lawama iwe juu yake. Lakini hakupamba uongo. Alisema wazi kwamba mumewe ni mpumbavu na kwamba alilofanya ni upumbavu. Nimesikia mahubiri mengi yanayomfanya Abigaili kielelezo cha mke wa kuvumilia na kufunika. Soma mwenyewe uone kama alifunika. Kisha hakumwambia Daudi kwamba hasira ni dhambi, jambo ambalo Daudi alilijua. Alimwonyesha siku inayokuja, siku ambayo BWANA atakuwa amemweka kuwa mkuu juu ya Israeli, akamwomba siku hiyo asiwe na kwazo moyoni kwamba aliwahi kumwaga damu bure. Akamwambia nafsi yake itafungwa katika furushi ya uhai pamoja na Mungu wake, bali nafsi za adui zake Mungu atazitupa kama kutoka katika kombeo. Kombeo! Hebu fikiria neno hilo lilivyomwingia aliyemwangusha Goliathi bila upanga mkononi.

Daudi alianza kwa kumhimidi BWANA aliyemleta mwanamke yule kumlaki, ndipo akambariki yeye na busara yake. Kwa hiyo aliyeugeuza moyo wa Daudi ni Mungu, na Mungu alipita kwa mtu aliyepanda punda. Wewe umetenganisha maombi na mdomo wako, wifi, na mimi sioni sura hii ikivitenganisha.

Wala sikuahidi kwamba kila moyo utalainika. Wa Nabali haukulainika. Mkewe alirudi akamkuta amelewa katika karamu kama ya mfalme, akangoja divai imtoke, akamweleza asubuhi. Moyo wake ukafa ndani yake, akawa kama jiwe, na baada ya siku kama 10 akafa. Wanawake mnaosoma hapa, mwanamume anayekupiga, sura hii haikutumi kumpelekea mikate. Ondoka, tafuta msaada.

Kaka si Nabali, wewe unamjua kuliko mimi. Ongea naye alfajiri kabla simu za wapambe hazijaanza, kwa kuwa usiku akishakaa nao hasikii. Mwambie mdogo wake alimkosea, usilipunguze kosa hata kidogo. Halafu mkumbushe kwamba yeye ndiye atakayesimama kama baba siku watoto wa mdogo wake watakapoolewa, na muulize atasimamaje akishatamka Jumamosi anayotaka kuyatamka.

Ijumaa jioni mimi nitakuwa kwa mdogo wetu. Mkewe ameshakubali tuzungumze naye pamoja, kwani na yeye ana neno la kuomba radhi. Ukimaliza na kaka nipigie, hata kama amekujibu vibaya.

Wifi yako