Krismasi njema kutoka Bweyale, Uganda, na asante yangu kwa Mama Bigombe

Wapendwa, nawasalimu wote. Nyie wa hapa Bweyale, wa Kigumba, wa Karuma, mlioko Gulu na Kitgum na Lamwo, na nyie mliokwama Kampala mkihesabu nauli ambayo kila Desemba lazima ipande, Krismasi njema sana. Mungu awape mwaka mpya wenye afya na chakula ndani ya nyumba. Wale waliofiwa mwaka huu nawapa pole, najua kiti kitupu mezani siku kama hii kinauma.

Naandika saa tano ya usiku. Leo sokoni nimesimama tangu asubuhi nauza simsim na odii, ile siagi ya simsim, watu wamenunua mpaka nikabaki na kidogo cha nyumbani, mwanamke mmoja kutoka kempu ya wakimbizi amechukua vikombe vinne akasema wageni wake wanatoka mbali, na mimi nikamwongezea kimoja kwa sababu ya siku yenyewe. Miguu imevimba. Lakini siwezi kulala, watoto wa hapa mtaani bado wanakimbizana barabarani na puto, kijana wangu mdogo ako huko nasikia sauti yake, kuna jirani amefungulia muziki wa nguvu, na mimi nimekaa hapa mlangoni nawaangalia na machozi yananitoka tu bila sababu ambayo wao wangeielewa.

Sababu ndo hii. Desemba ya 2004 nilikuwa na miaka tisa na mimi pia nilikuwa barabarani usiku.

Sisi tulikuwa tunaitwa watoto wa kulala mjini. Kufika saa kumi na moja jioni mama anatufungia blanketi moja, anakunja na kamba ya katani, mimi nabeba kichwani, dada yangu anabeba kajerikeni kadogo ka maji, tunaanza kutembea kwenda Lacor, ile hospitali ya misheni nje ya mji wa Gulu. Njiani tunakutana na wengine, kisha wengine, mpaka barabara inajaa watoto, na hakuna anayeongea sana, unasikia tu ndala, chap chap chap, maelfu ya ndala kwenye lami. Tunalala nje kwenye uwanja, kwenye veranda, wengine kwenye mahema, kichwa kwa miguu. Alfajiri tunarudi nyumbani, wengine wanaenda shule bila kunawa. Tulikuwa tunakimbia kutekwa, maana waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, walikuwa wanachukua watoto usiku. Kila mtu alijua habari ya wasichana wa shule ya Aboke, 139 waliochukuliwa usiku mmoja wa Oktoba 1996. Mama alikuwa anasema heri ulale kwa baridi kuliko nisikuone tena.

Na ile Krismasi ya 2004 ndo mara ya kwanza nilisikia watu wazima wakitaja jina la Betty Bigombe, mama mpatanishi, kama mtu anayetaja mvua inayokuja. Palikuwa na mzee mmoja mlinzi, alikuwa na redio ndogo amefunga betri na mpira kwa nje, jioni anaweka Mega FM na wazazi waliokuwa wanawasindikiza watoto wanasimama kumzunguka. Wakasema serikali imesitisha mapigano, Bigombe anaongea na watu wa msituni kwa simu. Kisha tarehe 29 Desemba ikatangazwa kwamba mawaziri wa serikali, Ruhakana Rugunda akiwemo, wameenda na Bigombe mpaka kule Palabek karibu na mpaka wa Sudan, na wamekaa uso kwa uso na makamanda wa waasi wakiongozwa na Sam Kolo. Yule mzee alivua kofia. Sijasahau hiyo kofia, ilikuwa ya sufi, ya bluu, akaishika kifuani kama yuko kanisani.

Sasa kwa vijana ambao wanamjua kwa jina tu, niwaeleze kidogo huyu mama ni nani, maana mwaka huu kila mwanasiasa ametuma salamu zake na picha yake kubwa, na mimi nimeona ya kwangu niipeleke kwake.

Betty Oyella Bigombe ni Muacholi, alizaliwa 1952, akasoma Makerere. Alikuwa mbunge tangu 1986 mpaka 1996, na 1988 wakampa uwaziri mdogo wa kushughulikia vita vya Kaskazini mwa Uganda, makao yake Gulu kwenyewe. Fikirieni hiyo kazi. Mwanamke, mwaka 1988, vita vinawaka, jeshi halipendi kusikia neno mazungumzo, na raia nao hawamwamini mtu yeyote anayetoka serikalini, wanasema huyu ametumwa na wale wale. Alienda vijijini akakaa na akina mama ambao watoto wao ndo walikuwa huko msituni, akawasikiliza wakimtukana. Mimi naona hapo ndo uwaziri wake ulianzia, sio ile siku ya kuapa.

Mwaka 1993 akaanza kumtumia Kony ujumbe, na Novemba watu wake na watu wa Kony wakakutana Pagik, upande wa Aswa. Mwanzoni mwa 1994 alikutana na Kony mwenyewe, ameingia msituni bila bunduki, na hao waasi wakawa wanamwita mama. Watu wa Gulu wanaokumbuka wakati huo wanasema hata bunduki zilinyamaza, watu wakaanza kulima mbali na nyumbani, waasi wengine wanakuja mpaka senta kununua soda. Kisha Februari 1994 Rais Museveni akatoa siku saba waasi wawe wametoka msituni, na hapo kila kitu kikavunjika. Aprili 1995 ikaja Atiak, waasi wakaua watu wengi pale. Mimi siku hizo ndo nilikuwa nazaliwa, kwa hiyo vita vyote nilivyovijua maishani mwangu ni vile ambavyo vingeweza kuwa vimeisha kabla sijatoka tumboni. Nikilifikiria hilo nakaa kimya muda mrefu.

Mwaka 1996 akashindwa kura, kiti cha Gulu Manispaa kikaenda kwa Norbert Mao. Akaenda Marekani, akasoma Harvard, akapata kazi Benki ya Dunia. Angekaa tu huko. Nani angemlaumu? Lakini Februari 2004 waasi waliingia kempu ya Barlonyo kule Lango, watu zaidi ya 300 wakauawa jioni moja, na yeye ameeleza mwenyewe kwamba alikuwa anaangalia habari kwenye televisheni huko Washington, mara akaona picha yake mwenyewe kwenye skrini, wakisema huyu ndiye mtu aliyewahi kukaribia kuleta amani. Akarudi. Akaanza tena kupiga simu ya setilaiti kwa watu wale wale, miaka kumi baadaye.

Na niseme ukweli, ile ya 2004 pia haikufika. Tarehe 31 Desemba karatasi haikusainiwa, muda wa kusitisha mapigano ukaisha, mwaka mpya wa 2005 ukaanza na vita. Sisi tuliendelea kulala Lacor. Mama akasema basi inatosha, akatuchukua akatuleta hapa Bweyale kwa shangazi yangu, ndo maana leo nawaandikia kwa Kiswahili, sababu Bweyale ukitaka kuuza na ukitaka kuolewa na ukitaka kugombana lazima ujue Kiswahili, kuna Waacholi, Wanyoro, Waluo, Wakenya waliokimbia fujo za 2008, Wasudani, wote tuko soko moja.

Kuna watu mpaka leo wanasema Bigombe alijaribu mara mbili na mara mbili akashindwa. Mimi sikubali hata kidogo. Yeye ndo alionyesha kwamba wale watu wana namba ya simu, kwamba ukiwaita kwa heshima wanatoka kichakani wanakaa chini ya mti. Sam Kolo mwenyewe alitoka Februari 2005. Mwaka uliofuata mazungumzo ya serikali na waasi kule Juba yakaanza, na Agosti 2006 wakasaini kusitisha mapigano, na hata kama Kony hakuwahi kusaini ile ya mwisho, watu wetu walianza kutoka kempu kidogo kidogo, wakarudi kwenye mashamba yaliyokuwa yameota msitu. Waliokaa Juba walipita njia ambayo tayari ilikuwa imefyekwa, na aliyeifyeka alikuwa huyu mama.

Kisha 2011 akarudi bungeni, mbunge mwanamke wa Amuru, wakampa uwaziri mdogo wa maji. 2014 akaacha akarudi Benki ya Dunia kusimamia mambo ya nchi zenye vita. Watu wa Amuru wengine walisikitika, wakasema tumemchagua na ametuacha katikati, na mimi siwezi kuwaambia wamekosea, ukimpa mtu kura unataka akae. Mimi mwenyewe niliumia siku niliposikia. Lakini nikajiuliza, sisi huwa tunampima mbunge kwa nini? Ameleta jeneza, ameleta bahasha kwenye harusi, amenunua jezi za timu, amekuja na gari tano kwenye mazishi. Hayo tunayataka na tunayaomba wenyewe, mimi nimewahi kupanga foleni kuchukua sabuni na chumvi ya kampeni, nilikuwa nahitaji. Sasa kuna mtu alitupa kitu ambacho huwezi kukibeba kwenye bahasha, na hatujui hata kumshukuru vipi.

Mwanangu ana miaka saba. Juzi nilimwonyesha blanketi. Mama yangu bado analo, ni lile lile la Lacor, limebaki rangi ya majivu, amelishona pembeni mara nyingi mpaka uzi umekuwa mwingi kuliko blanketi. Mtoto akauliza, bibi, mlikuwa mnaenda kambi ya shule? Mama akasema ndiyo. Akaendelea kuchambua mboga ya malakwang. Sikumsahihisha, wakati wake utafika.

Basi salamu zangu ni hizo. Mama Bigombe, popote ulipo Krismasi hii, mtoto mmoja aliyelala kwenye veranda ya Lacor anakusalimu, na amekua, na ana watoto wawili, na anauza simsim, na anakuambia apwoyo matek, asante sana kwa Kiacholi. Wazee wa Palabek mliokuwepo Desemba ile, nawasalimu pia, najua sasa mmewapokea ndugu zetu kutoka Sudan Kusini tangu 2017, mnawapa ardhi ile ile ambayo mlikimbizwa, Mungu awazidishie. Na akina mama ambao watoto wao waliochukuliwa hawajarudi mpaka leo, na bado mnaweka sahani moja zaidi, nyie siwezi kuwaambia Krismasi njema kwa mdomo mwepesi, nawasalimu kwa kupiga magoti.

Tarehe 26 tunapanda basi na mama kwenda kuwaona wajomba. Tukifika daraja la Karuma huwa anaomba dereva apunguze redio, anashika mkono wangu mpaka tuvuke, zamani pale magari yalikuwa yanashambuliwa. Mwaka jana alisahau. Alikuwa amelala, kichwa begani kwangu, tukavuka na mto ukipiga kelele chini, mimi sikumwamsha.

Wacha niende nimwite huyu kijana aingie ndani. Ama nimwache dakika kumi zingine.