Kwani lazima afe mtu ndipo tusafiri?

Ipagala, Dodoma
Oktoba

Mwajuma wangu,

Mbukwa! Msalimie shemeji, msalimie Bi Mkubwa, na watoto wote mpaka yule aliyehamia kwa bibi yake. Sisi wazima. Upepo unatutimulia vumbi na maji yanatoka usiku wa manane, lakini tunashukuru. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa kwa kina Stella, na wewe pia hukunitafuta, hilo tutalizungumza tukionana. Leo nakuandikia kwa sababu ya wifi yangu, dada yake Baba Neema. Nimeona niandike maana kwa simu salio lingeisha kabla sijafika kwenye penyewe, na mambo mengine ukiyasema kwa simu yanasikika kama ugomvi.

Najua umeshayasikia, Mpwapwa yote imeshayasikia. Kwamba mimi na Baba Neema tumekwenda kula hela za zabibu baharini.

Mwajuma, ni kweli tulikwenda Tanga. Mimi na mume wangu, wawili tu, bila mtoto wala mjukuu, hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna kesi wala mgonjwa wa kumtazama. Tulikwenda kutembea. Na kila aliyetuona na mabegi alikuwa na swali lilelile: "Poleni jamani, amefariki nani?" Mama Juni kauliza. Dereva wa bajaji kauliza. Hata kijana wa tiketi pale stendi ya Nanenane alitupa pole kabla hajatupa chenji. Nikiwajibu kwamba hakuna aliyefariki, tunakwenda kutazama mji, wananiangalia kama mtu anayeficha jambo.

Hebu nisaidie kufikiri. Kwani lazima afe mtu ndipo mume na mke wapande basi pamoja? Dar tumefika, lakini ni Muhimbili au msibani, na bahari tuliiona kwa dirisha la daladala. Mwanza tulikwenda kumzika mjomba. Arusha ilikuwa harusi ya Tito, tukafika usiku na kuondoka usiku. Baba Neema amefundisha Kiswahili mpaka kustaafu, amewasomesha watoto wa Bahi na Chamwino mashairi yaliyojaa mawimbi na ngalawa, na pwani yenyewe hajawahi kukaa akaitazama. Mwaka jana alipofanyiwa ule upasuaji, siku ile uliyokuja na chupa ya uji, aliniambia palepale kitandani: Mungu akinisimamisha, nipeleke Tanga. Hakutaja Zanzibar. Alitaka Tanga kwa sababu ndiko kwao Shaaban Robert. Nikamwahidi, na Mungu akamsimamisha. Ulitaka nimwambie nini baada ya hapo?

Na hela, ngoja niiseme ya hela yenyewe. Mavuno ya Septemba yalikuwa ya wastani, bei unaijua. Lakini kabla sijagusa nauli, mabati ya wifi yalinunuliwa, yakapakiwa, yakafika kwake. Umeyaona kwa macho yako, na fundi aliyeyapiga ni yule wa mtaani kwenu. Ada ya Neema ililipwa. Dawa ya shamba ikawekwa pembeni. Kilichobaki ndicho kilichotupeleka Tanga, na kilikuwa halali yetu.

Safari ni ndefu, karibu kilomita 600: Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza. Habari za basi sitakuchosha nazo, Gairo tulikaa juani tukisubiri tairi, basi. Lakini ukishapita Segera nchi inabadilika. Kwanza mkonge, mistari na mistari, halafu michungwa, halafu minazi, na hewa inakuwa nzito ya unyevu mpaka midomo yangu iliyopasuka kwa ukavu wa huku ikalainika yenyewe.

Tanga ni mji usio na haraka, Mwajuma. Baiskeli kila mahali, mzee na kanzu yake na kofia yake juu ya baiskeli, mama amekaa upande nyuma na kapu la sokoni. Kule Ngamiani mitaa inakwenda kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, mpaka huko ishirini na ngapi, na ukimuuliza mtu njia anaacha kazi yake akakuelekeza, tena anakuuliza kwanza umeamkaje. Wenyewe wana ule msemo wao, waja leo waondoka leo. Sisi hatukuondoka leo. Tulipata gesti safi upande wa Raskazone, tukakaa.

Asubuhi ya kwanza tulishuka kule Deep Sea kwenye soko la samaki. Maji yalikuwa yamekupwa. Mitumbwi imelala ubavu kwenye tope, kina mama na watoto wanatembea mbali huko wakiinama kuokota, ungesema ni shamba lililovunwa. Baba Neema akasimama. Akamkuta mzee mmoja anashona nyavu, wakaanza kuongea, mimi nikaenda kuangalia mnada, pweza wanapigiwa bei wakiwa bado wanajinyonganyonga. Narudi, yuko palepale. Mzee anamweleza kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo kunakuwa na bamvua, maji yanatoka mbali sana na kurudi kwa nguvu, na katikati hapo ni maji mafu, hayasogei sana, na mvuvi anapanga kazi yake kwa mwezi. Baba Neema katoa daftari lake, anaandika. Namwambia twende tukale, ananiambia ngoja kwanza yarudi. Tukangoja. Yakarudi, taratibu, mpaka ile mitumbwi ikanyanyuka mmoja mmoja ikaelea. Mtu mzima yule, mwalimu mkuu mstaafu, alinishika mkono mbele za watu akaniambia, "Mama Neema, umeona?" Sisi tunaohesabu maji kwa ndoo, wacha aone. Aone mpaka achoke.

Mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini ya mji, njia ya kwenda Horohoro. Nilikuwa na hofu na goti lake. Ndani ni giza tupu, unamfuata mwongozaji na tochi yake, mahali pengine unapita umeinama na pengine ni kutambaa kabisa, popo wanapiga kelele juu ya kichwa. Ni mawe ya chokaa, maji ndiyo yaliyoyachonga miaka kwa mamilioni. Kijana akatuonyesha alipojificha Osale Otango miaka ya 1950 akisakwa na Waingereza. Kuna mahali watu wanakwenda kuomba, utaona vitambaa vyekundu, chupa za marashi, sarafu. Mimi ni mtu wa kanisani, unanijua, lakini sikuweza kupadharau. Mtu aliyetambaa gizani mpaka kule kwenda kuomba mtoto, ana shida ya kweli.

Kesho yake tukachukua bodaboda mbili kwenda Tongoni, njia ya Pangani. Pale ndipo moyo wangu uliposhikwa. Msikiti wa kale umebaki kuta, na kuuzunguka kuna makaburi yenye nguzo, nyingi zimeanguka, chache bado zimesimama. Ukiisogelea nguzo unaona vishimo vya duara kwenye chokaa. Ndimo zilimopachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina, zamani hizo, bakuli zenyewe hazipo tena. Nilikiingiza kiganja changu kwenye kishimo kimoja, kikaenea. Baba Neema ananipa historia, kwamba mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wake wengi wamekwisha kufa kwa maradhi, aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwenye mafungu ya upande huu wa pwani, kwa sababu watu waliobaki hawakutosha kuiendesha. Nami nasikiliza, huku nikiwaza waliozikwa pale, waliokuwa na uwezo wa kuagiza bakuli Uchina waziweke makaburini. Na hapohapo mbuyu, mnene, wa kwetu kabisa! Siku ile mbali na sisi walikuwapo mlinzi na mbuzi tu. Iliniuma. Watu wanapita na mabasi kila siku kwenda Pangani, hawashuki.

Wakati wa kurudi tukasimama Vibambani, pale Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Ni kijiji kama vijiji vingine. Baba Neema akasimama chini ya mnazi akaanza kusoma beti kwa sauti, kwa kichwa, kama yuko darasani. Akafika mahali akakwama. Yule kijana wa bodaboda, Mwajuma, akampokea! Akaendeleza mpaka mwisho wa ubeti. Mume wangu alimkumbatia mtoto wa watu na helmeti yake kichwani. Nauli ya siku ile alilipa mara mbili na sikusema neno.

Sasa nikwambie lililo kubwa, na hili sitaki limfikie wifi. Jioni tulikuwa tunakaa Bustani ya Jamhuri, bandari iko mbele yako, watu wanakunywa kahawa chungu na kashata, hakuna anayekufukuza. Baba Neema alininunulia mihogo na pweza kwenye kipande cha gazeti. Tangu anioe hajawahi kuninunulia chakula barabarani, ni mwalimu, anaona aibu. Tukawa tunakula. Na hapo, bila mimi kuuliza, akaanza kuongea habari za Daudi wetu. Wewe unajua. Unajua kwamba tangu siku ile tuliporudi kutoka makaburini hakulitaja jina lile ndani ya nyumba, na mimi nikajifunza kutolitaja mbele yake. Pale aliongea mpaka taa za meli zikawaka. Alivyokuwa anacheka, ile baiskeli ya miti aliyojitengenezea, mambo ambayo mimi nilidhani nayakumbuka peke yangu. Nyumbani tungeongea saa ngapi? Nyumbani kuna kuku, kuna wajukuu, kuna mgeni kabisha hodi, kuna mtu wa michango. Mimi najua jambo moja, nisingempeleka Tanga tungekufa hatujaongea.

Kwa hiyo mtu akisema tumekula hela baharini, inanichoma. Wifi amemwambia Tito maneno hayo, na Tito akamwambia Baba Neema, na sasa yeye na dada yake hawapigiani simu. Baba Neema hasemi kitu, ila namwona anaishika simu kisha anaiweka.

Tena simdharau wifi, Mwajuma, wewe shahidi. Yule ndiye mama aliyebaki. Baba Neema amevaa sare za shule kwa karanga za wifi, alizouza kwenye madirisha ya treni pale Gulwe jua likimpiga. Ana haki ya kuuliza hela inakwenda wapi. Lakini nimelitafakari neno moja walilonifikishia, kwamba alisema, "Mimi nani aliwahi kunipeleka mahali?" Mabati kayasahau hapo, ada kaisahau, kasema hilo. Na ni kweli. Treni zote zile zimempita, zinakwenda Kigoma, zinakwenda Dar, yeye yuko chini na sinia lake. Ametoka Mpwapwa kwenda kuzika tu.

Tumezungumza na Baba Neema. Mavuno yajayo ya Agosti na Septemba, Mungu akipenda, tunataka kumchukua twende naye, watatu. Tumwonyeshe maji yakitoka na kurudi. Ila mimi nikimwambia sasa hivi ataona namhonga, na kaka yake akimwambia watagombana kabla ya salamu. Wewe anakusikiliza. Nakuomba uende kwake, jioni, akiwa amemaliza kazi zake, usiende asubuhi. Usianze na Tanga. Anza na mabati, yasifu. Halafu muulize tu, kama mtu anayepiga soga, kama angependa kuiona bahari. Umtazame uso anapokujibu, kisha uniandikie ulichokiona. Hili liwe limekwisha kabla ya kipaimara cha mtoto wa Tito, maana pale tutakaa meza moja na sitaki wajomba waanze kutuamulia.

Kuna dagaa na kanga nimemtumia wifi kwa dereva wa gari la saa saba. Zimefika? Alizipokea yeye mwenyewe au alizipokea binti? Alisema nini? Kanga ameivaa au ameikunja akaiweka? Na miguu yake, bado inavimba, ataweza kukaa kwenye basi safari yote ile, au tushuke Morogoro tulale? Na wewe, shemeji amepata ule uhamisho au bado wanamzungusha? Je, tukienda mwakani nanyi mtakuja? Gesti ina vyumba, na Bi Mkubwa si alizaliwa Pangani? Hajawahi kusema anatamani kurudi kupaona?

Nijibu upesi.

Wako,
Esta (Mama Neema)