Barua kwa Mama Neema, kabla hamjahamia Chamwino

Mama Neema mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako tumeupata, na tumefurahi mno kusikia kwamba dayosisi imewakubalia wewe na Baba Neema mwende mkatumike kule Chamwino, mkoani Dodoma, kwa miaka miwili. Umeuliza mbebe nini. Hayo tutayafikia, wala si mengi. Swali linalotangulia ni hili: watu wawili waliokwisha kustaafu waanze kazi gani, waimalize, na waondoke bila kuwaachia wenyeji mzigo? Kwa Dodoma jibu letu ni maji ya paa. Tangi moja, lililojengwa sawasawa, lenye mwenyewe.

Anzeni na hesabu. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Tuseme kanisa lina paa la mita 20 kwa 8. Msipime mteremko wa bati. Pimeni chini, eneo lote ambalo paa linalifunika, pamoja na mabati yaliyochomoza nje ya ukuta. Ni mita za mraba 160. Kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo milimita 550 zinaleta lita 88,000. Toeni sehemu ya tano inayoruka, kuvuja na kukauka juani, zinabaki lita 70,000 na kitu.

Hapo ndipo watu hupotea. Mtu akisikia lita 70,000 anasimama ibadani kutangaza kwamba kijiji kimepata maji. Kijiji hakijapata. Mkijenga tangi la lita 20,000 likajaa hadi mwisho wa Aprili, litabeba kiangazi cha siku kama 210. Gawanyeni: lita 95 kwa siku, hata madumu matano hayatimii. Ni maji ya mlango mmoja tu. Amueni mlango huo kabla ya kuchimba msingi, na uandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Ushauri wetu ni chumba cha kujifungulia cha zahanati, kama kiko karibu na kanisa. Mama anayejifungua hawezi kuambiwa aje na dumu lake, ingawa sehemu nyingi ndivyo anavyoambiwa.

Ujenzi ufanyike Julai hadi Oktoba. Kabla ya hapo watu wako kwenye mavuno ya uwele na mtama, na mvua zikikaribia kila mtu yuko shambani. Ukiitisha msaragambo Desemba utasimama peke yako na mwenyekiti wa kijiji. Lakini kiangazi kina kisirani chake: zege linataka maji wakati maji hayapo. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hunywa lita 25 hadi 30 kwenye kuchanganya tu. Baada ya kumwaga, zege lifunikwe kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu yake, limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kuruka. Jukwaa la tangi likipasuka mwaka wa pili, mara nyingi chanzo ni wiki hiyo. Wekeni akiba ya mapipa matano yaliyojaa kabla fundi hajafika, na msikubali yachotwe kwa kazi nyingine hata kama ni harusi.

Mchanga wa korongoni una udongo. Tieni mchanga kwenye chupa ya kioo hadi kimo cha sentimita 10, jazeni maji, tikiseni, acheni usiku kucha. Asubuhi mtaona tabaka la tope limekaa juu ya mchanga. Likikaribia sentimita moja, tafuteni korongo jingine au osheni mchanga huo. Kipimo cha zege ni karai moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Fundi atataka kuongeza maji ili lishuke kwa urahisi kwenye toroli. Kataeni, hata kwa ukali kidogo.

Kama mtanunua tangi la plastiki badala ya kujenga, kitako chote kikae juu ya zege tambarare. Jiwe moja chini yake linatosha kulitoboa likishajaa, kwa sababu kila lita 1,000 ni tani moja.

Mifereji ya paa ndiyo inayoharibika kwanza. Ishuke sentimita moja kwa kila mita. Kwa paa la mita 20 gaweni katikati, maji yaende pande mbili, ili mwisho wa mfereji usishuke zaidi ya sentimita 10; ukishuka zaidi, maji ya mvua kubwa yanaruka juu yake. Fundi asikadirie kwa jicho. Atumie mpira wa maji, yaani bomba jembamba linaloonyesha ndani, lililotiwa maji: maji husimama kimo kilekile kwenye ncha zote mbili. Vishikio viwe kila sentimita 60, vipigwe kwenye mbao nzima. Mbao ikiwa imeliwa na mchwa, badilisheni kwanza. Mwarobaini ulioinamia paa ukatwe matawi. Na kama jengo ni la wamisheni wa zamani, angalieni paa lisije likawa la asibesto. Kama ni asibesto, msilikate wala kulitoboa, tafuteni paa lingine.

Mvua ya kwanza hubeba vumbi, kinyesi cha ndege na cha popo. Yatupwe maji hayo, nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 80 kwa paa letu. Mafundi hupenda kufunga bomba la inchi 4 lililozibwa chini, wakisema litayanasa maji machafu. Bomba hilo huingiza lita 8 tu kwa mita moja, kwa hiyo lingetakiwa liwe na mita 10! Wekeni pipa la lita 100 kabla ya tangi, lenye koki ndogo chini ya kulimwaga kila baada ya mvua. Likisahauliwa likiwa limejaa, mvua inayofuata inapeleka uchafu wote tangini. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja mwenye jina, maana kamati haifungui koki.

Koki ya kuchotea ikae sentimita 10 juu ya kitako ili tope libaki chini, iwe na kufuli. Bomba la kufurika liwe nene kama la kuingilia, na yote mawili yafungwe wavu wa mbu. Mfuniko usiruhusu mwanga, la sivyo maji yanakuwa kijani. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, halafu yasubiri dakika 30.

Fedha: mkitoza shilingi 50 kwa dumu, madumu manne kwa siku, kiangazi kizima kinaleta 42,000. Hizo ni za koki na wavu, si za mfereji mpya. Usharika ukubali mapema, kwa maandishi, kwamba mfereji ni wao.

Mtaombwa pia kisima kirefu. Msiahidi. Kuchimba kunataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde na mazungumzo na RUWASA, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia maji vijijini, kisha kipimo cha maabara. Mkiona watoto wa eneo wana meno ya kahawia, shukuni floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Kama tayari kuna pampu ya mkono iliyokufa, kuifufua ni nafuu kuliko kuchimba. Baba Tumaini anasema mwangalie kama ni Afridev: hiyo pistoni yake hutolewa kwa juu bila kung'oa mabomba, kwa spana moja. Iacheni nusu saa, kisha hesabuni mipigo. Ikipita mitano kabla maji hayajatoka, vali ya chini inavuja. Maji yakija haraka lakini kidogo kidogo, mpira wa pistoni umekwisha.

Sasa ninyi wenyewe. Rosine, mke wa mmisionari Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844 na homa ikamwondoa mwaka huohuo pamoja na kichanga chake. Leo hakuna sababu. Chandarua chenye dawa kila usiku, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Ikiwa ni malaria isiyo kali, dawa ya mseto kwa mtu mzima ni vidonge 4, vingine 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata; jumla 24, pamoja na chakula chenye mafuta, na msiache mkijisikia nafuu. Baba Neema aende na dawa za presha za miezi mitatu. Kama mojawapo ni ya kukojoza, amuulize daktari wake mapema afanyeje siku za jua kali au akiharisha. Insulini yako ikae kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati, kivulini penye upepo. Na Baba Neema asipande paa. Ana macho, akae chini aangalie mpira wa maji.

Mkifika, kabla ya ibada ya kwanza, nendeni kwa mtendaji wa kijiji na barua ya utambulisho, halafu kwa mwenyekiti. Nguo na pesa msigawe mkononi hata kwa yatima. Zipitie kwa wazee wa usharika, ambao wanajua nani ana mjomba Dodoma mjini na nani hana mtu. Msiba ukitokea, kazi inasimama siku hiyo, nanyi mwende.

Vya kubeba: futi ya mita 30, mpira wa maji wa mita 15, chupa ya kioo, taa mbili za sola, mashine ya presha, miwani ya ziada, na kitabu cha risiti chenye nakala. Mkishalipima paa, tutumieni urefu, upana na picha ya mbao za pembeni. Baba Tumaini atawapigia hesabu ya mabomba kabla hamjakwenda dukani.

Wenu katika Kristo,
Mama na Baba Tumaini