Mama Gift, mwambie fundi asimame kwanza

Mama Gift shosti wangu,

Mambo vipi, hali ya huko Chuga? Sie huku Moshi tunamshukuru Mungu, watoto wazima, baba Brayan yupo anahangaika na migomba yake. Voisi zako nimezipata zote na nimefurahi sana kusikia na wewe unataka kufuga nyuki, maana huku wananiona nina wazimu peke yangu, ila pale uliposema fundi ameshaanza kukukatia mbao za mizinga miwili ya nyuki wakubwa uiweke nyuma ya jiko hapo hapo Njiro, Arusha, kati ya banda la kuku na ukuta wa jirani, asee hapo ikabidi nikae chini nikuandikie vizuri, kwenye voisi ntaongea nusu saa na hutasikiliza mpaka mwisho, nakujua.

Mwambie fundi asimame kwanza. Najua umeona zile video YouTube, mzungu anafungua mzinga kavaa tisheti na kaptula, mikono mitupu, mtoto kasimama pembeni anachungulia, ukaona kumbe kitu chepesi. Wale sio nyuki wetu mama. Kwa jina la kitaalamu ni hao hao, Apis mellifera, ila wa Ulaya watu wamewachagua kwa upole vizazi na vizazi, hawa wetu wa tambarare wanaoitwa scutellata wamekulia kwenye nchi ya nyegere na siafu na moto wa nyika na binadamu anayekuja usiku na mwenge, sasa upole wangeutoa wapi? Na haya sio maneno ya kijiweni. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika hii hii yetu akaenda nao kwao ili apate nyuki wa kutoa asali nyingi kwenye joto, mwaka uliofuata makundi yakamtoroka, wakachanganyika na wa kule wakasambaa nchi kwa nchi, kufikia 1990 wameshaingia Texas na Wamarekani wakawapa jina la nyuki wauaji. Basi ndo hao unaotaka kuwaweka nyuma ya jiko. Sio kwamba wanawinda watu, hapana, wakiwa kwenye maua hata hawana habari na wewe, ila ukiwagusia nyumba yao hawatoki wawili watatu, wanatoka jeshi zima na wanakufukuza mbali.

Na ujue nyuki akikuuma anaacha mwiba, na pale kwenye mwiba inatoka harufu ya kuwaita wenzake, harufu ambayo inafanana kabisa na ndizi mbivu, ukisogeza pua unaisikia. Ndo maana mi siku ya kwenda kwenye mizinga ndizi mbivu sigusi, baba Brayan ananicheka lakini sigusi. Ukiumwa kwangua mwiba na ukucha haraka, usiubane kwa vidole maana unajikamulia sumu yote, halafu ondoka pale, usipunge mikono. Na mtu akianza kuvimba midomo au pumzi inabana, hapo hamna habari ya vitunguu wala maziwa, ni hospitali mbio. Sasa kwako kuku wako bandani, mbwa yuko kwenye mnyororo, na jirani ana bibi yake anayetembelea mkongojo. Hawa wote hawawezi kukimbia. Kibosho kule kuna mtu alifunga mbuzi wake karibu na mzinga, watoto wakapita wakarusha mawe, mbuzi hakupona. Sikutishi, lakini ndo hali halisi.

Kwa hiyo ninachokuambia ni hiki, anza na nyuki wadogo. Wale weusi weusi wadogo kama inzi wadogo, ambao zamani nyumba za udongo walikuwa wanakaa kwenye ukuta na bibi anatoa asali kidogo ya dawa ya kifua. Hawana mwiba wa kuuma. Wakikasirika wanakuvamia kwenye nywele na masikioni wanakung'ata-ng'ata, inakera kweli, hasa ukiwa umesuka, funga kitambaa kichwani yaishe. Mi ninao pembeni ya baraza, mita chache tu kutoka tunapoanulia nguo, wageni wanakaa wanakunywa chai na hawajui kama kuna nyuki hapo mpaka niwaonyeshe.

Kundi la kuanzia nunua kwa mfugaji ambaye anayo kwenye mizinga au kwenye gogo alilolikuta limeshaanguka. Akikuambia amekata mti ili awatoe, achana naye, huo ndo mchezo unaomaliza nyuki wadogo huku mlimani. Kuwasafirisha fanya jioni giza likishaingia, wote wakiwa wamerudi ndani, unaziba mlango na kipande cha wavu ili hewa ipite, halafu unaubeba mzinga taratibu umekaa vile vile ulivyokuwa umekaa, usiugeuze juu chini, mayai na watoto wao wameelea kwenye chakula cha maji maji ndani ya vijumba, ukipindua wanazama. Kutoka huku mpaka Arusha ni kama kilomita 80 hivi, kwa umbali huo hamna anayeweza kurudi alikotoka, ila ukiwatoa mtaa wa pili tu kesho yake wale wa kutafuta chakula watarudi kwa mwenye nyumba wa zamani. Usipande nao Costa iliyojaa jamani, tafuta mtu mwenye gari.

Fundi wako asikasirike, kazi bado anayo. Akutengenezee kasanduku kadogo, mbao nene ya inchi moja, kavu, isiyopakwa dawa ya mchwa, hilo la dawa msisitizie kabisa maana mafundi wengi wana mazoea. Kasiwe kakubwa, Arusha mwezi wa sita na wa saba baridi yenu tunaijua, nyuki wadogo kwenye sanduku kubwa wanashindwa kulipasha joto. Tundu la mlango moja tu, la kupita kidole, na kifuniko cha kufunguka juu, kisha kipande cha bati kinachozidi pembeni ili mvua isiingie. Weka mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli mchana. Ukishaweka usihamishe hamishe.

Miguu ya stendi itumbukize kwenye makopo yenye oili chafu, hiyo gereji yoyote wanakupa bure. Siafu wakiamua usiku mmoja wanatosha kumaliza kundi zima, na kwenye hili hata nyuki wakubwa hawana ujanja, wanahama tu. Angalia pia jani au tawi lisiguse sanduku, siafu watapita hapo hapo wakuache na makopo yako. Mijusi nayo hukaa karibu na mlango kudokoa mmoja mmoja, na utando wa buibui toa kila ukiuona. Lakini adui ambaye watu hawamjui ni vile vijinzi vidogo vinavyokimbia kimbia badala ya kuruka, ukifungua sanduku na asali au chavua ikamwagika vinaingia kutaga, baada ya siku chache ndani kumejaa funza na kundi limekwisha. Kwa hiyo usifungue ovyo kwa sababu ya hamu ya kuonyesha watu. Ukifungua fanya haraka, futa kilichomwagika, nyufa ziba na gundi ya karatasi au udongo, wao wenyewe watamalizia na utomvu, halafu weka pembeni kikopo cha siki chenye matundu madogo kwenye kifuniko, vijinzi vinaingia humo na kufa.

Sasa ngoja nikuambie utaona nini ukifungua, maana hapa ndo mi nilinasa. Kwanza harufu, kama kitu kilichochacha kidogo kikachanganyika na utomvu wa mti. Katikati kuna tufe limefunikwa na matabaka membamba ya nta ya kahawia, laini, ukilifunua kidogo unakuta visahani vya watoto vimepangwa kimoja juu ya kingine, hapo usiguse kitu. Pembeni ndo kuna vijungu vya asali, vimegandana vichane vichane kama zabibu, vingine vimefunikwa vingine wazi, na vingine vina chavua badala ya asali, hivyo ni vichungu viache. Malkia ukibahatika kumwona ana tumbo kubwa linalong'aa na kuruka hawezi tena. Na pale mlangoni kwa nje wanajenga kamrija ka nta kanakochomoza, asubuhi unawaona walinzi wamejipanga kwenye mdomo wa ule mrija wanakutazama. Brayan anaweza kukaa hapo saa nzima, kitu ambacho kwenye madaftari hakipo.

Kuvuna usiende na kisu kama wale wanaopasua kila kitu wanakamua na watoto humo humo. Nunua bomba la sindano jipya duka la dawa, lile kubwa, bila sindano yenyewe, unatoboa kijungu juu, unavuta asali, unahamia kingine. Inachosha na ni polepole lakini unaacha vijungu vimesimama na wao wanavijaza tena. Ya akiba waachie, hasa kama masika inakuja, mvua ya mwezi wa nne ikipiga mfululizo hawatoki. Usitegemee ndoo lakini, kundi moja ni lita chache kwa mwaka na miaka mingine hata hiyo ni ya kubahatisha, ila bei yake unaijua mwenyewe, chupa ndogo ya nyuki wadogo ni ghali kuliko chupa kubwa ya wakubwa. Kwa hiyo ukikuta mtu anaiuza kwa bei ya kawaida huku amejaza madumu, jiulize.

Asali yao ni nyepesi na ina uchachu, sio kwamba imeharibika. Ya nyuki wakubwa iliyoiva maji yake yako chini ya asilimia 20 ndo maana inakaa kabatini miaka, hii ya wadogo mara nyingi inafika 25 na kupita, ukiiacha kwenye joto inachacha na kusukuma kifuniko. Iweke friji. Na yule mjukuu wa dada yako ambaye mnakaa naye, mpaka atimize mwaka mmoja usimlambishe asali yoyote, hata kidogo, hata kama bibi anasema ni dawa ya kikohozi, asali inaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa unaolegeza misuli ya mtoto mchanga, tumbo lake bado halijaweza kupambana navyo.

Chakula chao kwako kipo, parachichi, mchungwa, mlonge, hata ile mijakaranda ya barabarani. Hawaendi mbali kama wakubwa, wanazunguka mitaa ya jirani tu, ndo maana inabidi uongee na wale majirani wa mchicha na nyanya wapige dawa jioni na sio saa nne asubuhi wakati maua yamejaa nyuki. Wapelekee kachupa ka kwanza, watakusikiliza.

Nyuki wakubwa sijasema uwaache milele. Hizo mbao zilizokatwa tayari mwambie fundi amalizie mizinga ile ya viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyolazwa juu ya mzinga na nyuki wananing'iniza masega yao hapo, ila viunzi viwe na upana wa milimita 32, akikopi vipimo vya wazungu vya 35 nyuki wetu wataunganisha masega na utashindwa kutoa kimoja bila kubomoa viwili. Tutaipaka nta kwa ndani tuipeleke shamba kule chini kwenye migunga, mbali na nyumba na njia ya watu, makundi yanaingia yenyewe maua yakianza, na utajifunza na mtu mzoefu pembeni yako, ovaroli nzima, gambuti, kofia ya wavu na bomba la moshi, na tunafungua jioni tu. Huko kwenye mizinga ya wakubwa kila mtu alivamia enzi zile za Waziri Mkuu Pinda, mizinga ikanunuliwa kwelikweli, mingine mpaka leo ni makazi ya panya kwa sababu hakuna aliyerudi kuiangalia.

Halafu we unakaa Njiro na unaniuliza mimi! Hapo hapo kwenu kuna kituo cha TAWIRI, ile taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ambacho nyuki ndo kazi yao ya siku nyingi, nenda uulize, na afisa nyuki wa halmashauri mtafute pia kabla ya hiyo mizinga mikubwa, ufugaji nyuki una sheria yake tangu 2002, ni vizuri akuambie mwenyewe kuhusu eneo.

Mi nimeshaongea na mzee mmoja wa Uru anagawa makundi, ana moja zuri nimeliona, mlangoni wanaingia na chavua miguuni, hiyo ni dalili kuwa malkia anataga. Amekubali kunishikia mpaka mwisho wa mwezi. Nijibu kama Noah ya shemeji itakuwepo Jumamosi ile, mje mchana mle, tuende kwa mzee jioni mkawabebe giza likiingia. Hela mpe mzee mkononi, usitume kwangu maana nitaila. Na ukija niletee zile sufuria zangu, sijasahau.

Msalimie baba Gift na watoto wote.

Wako,
Mama Brayan