Shosti, mkate usiuache kwanza

Shosti wangu,

Mambo? Mesej yako nimeisoma nikaona kwa simu hatutamaliza, bora nikuandikie barua uisome ukiwa umetulia, au ukiwa chooni maana huko ndo ofisini kwetu siku hizi hahaha. Kwa hiyo daktari anahisi ni siliaki, ule ugonjwa wa utumbo kuumizwa na gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, vipimo bado, na wewe unataka kuanza Paleo, ile diet ya kula kama binadamu wa kale, Jumatatu. Naomba unisikilize kabla hujagawa unga wote wa ngano ulioko ndani. Usiache mkate kwanza! Najua unakutesa, najua ukiula tumbo linajaa gesi mpaka sketi haifungi, ila kile kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili wako unatengeneza ukiwa unakula gluteni, ukiacha zinashuka, na utumbo nao unaanza kupona, kwa hiyo hata wakikushushia kamera kooni wakanyofoa vinyama vya kupima kwenye utumbo mwembamba wanaweza wasione kitu. Unaambiwa huna kumbe unao. Ndo pale unaambiwa rudi ule ngano kila siku kwa wiki 6 hivi upimwe upya, na hapo mwili umeshazoea kukaa bila hiyo ngano, hayo mateso sikuombei. Mpigie daktari muulize tarehe, mwambie hali ilivyo wakuwahishe kama inawezekana, ukishamaliza kupimwa anza hata jioni hiyohiyo.

Utasema si nitakuwa naikwepa ngano hata hivyo, jina la ugonjwa la nini. La nini? Mtu wa Paleo wa kawaida akiamua leo ni sherehe anakula kipande cha keki maisha yanaendelea. Mwenye siliaki hana hiyo ruhusa, hata kidogo tu kinamuumiza utumbo, na wakati mwingine hata hasikii maumivu. Yaani unaanza kuangalia mafuta yaliyokaangia kitu kingine chenye unga, sosi ya soya (nyingi zina ngano), soseji zilizoongezewa unga, kijiko kilichotoka kwenye sufuria ya jirani. Na ndugu zako wa damu, na watoto, nao inabidi wapimwe. Halafu upande wa pili, siliaki haikukatazi wali, mahindi, maharage. Maziwa yanaweza kukusumbua mwanzoni kwa sababu utumbo ulioumia haumeng'enyi laktosi, ile sukari ya maziwa, vizuri, ila wengi wakishapona yanarudi. Sasa Paleo inafuta vyote hivyo. Utakuwa umejinyima vitu ambavyo havina kosa lolote kwako.

Haya, umeniuliza mi Paleo naiwezaje na hii Crohn yangu, huu ugonjwa wa utumbo kuvimba usioisha. Naiweza kwa sababu siifuati kama msahafu. Ile orodha unaijua, nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, karanga za mitini kama korosho na lozi ndani, nafaka na jamii ya kunde na maziwa na sukari na vya viwandani nje. Na karanga za kawaida nazo nje maana ni jamii ya maharage, hiyo ilinichekesha. Kilichonivutia mimi ni kwamba mmoja wa walioianzisha alikuwa daktari wa tumbo, Walter Voegtlin wa Marekani, alitoa kitabu chake 1975 huko, ndo baadaye 2002 Loren Cordain akaipa umaarufu na watu wa mazoezi wakaibeba. Ila waliyoibeba ni ile ya mtu mwenye utumbo mzima. Mabakuli ya saladi mbichi, kiganja cha lozi, tende na zabibu kavu. Mimi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba imevimba mara nyingi mpaka imekuwa nyembamba kwa makovu, ukinipa saladi hiyo yenye maganda na mbegu inaweza kunasa palepale nikaishia wodini na mpira puani. Kwa hiyo kwenye orodha ya Paleo zimo, kwenye yangu hazimo.

Karoti kwa mfano. Namenya, nakata vipande vidogo, nachemsha kwenye supu ya kuku mpaka ukiichoma na uma inaachia yenyewe bila kuvuta, af naiponda humohumo. Boga hivyohivyo, natoa mbegu na nyuzi zake zote. Mchicha nautoa vijiti nabakiza majani tu, na bado nautia kwenye blenda. Tufaha silili na ganda, nalipika. Ukiniona jikoni utadhani nina mtoto wa miezi sita, ila hiyo ni Paleo mia kwa mia na hainiumizi.

Sasa ugonjwa ukiamka, zile siku za kukimbia choo usiku kucha na maumivu upande wa kulia chini, hapo Paleo naiweka kabatini. Nakula wali mweupe laini. Eeh, wali, nafaka kabisa! Kwa sababu unapita bila fujo na unanipa nguvu, na mgonjwa wa Crohn akianza kupungua kilo hovyo hilo nalo ni tatizo lingine juu ya tatizo. Kuna watu wataniambia binadamu wa kale hakula wali. Sawa, binadamu wa kale hakuwa na steroidi pia, hizi dawa za kutuliza uvimbe, na sijui mwenye utumbo kama wangu alifika umri gani.

Kuhusu dawa naomba tusibishane, najua kuna yule dada wa kazini kwenu aliyeacha zake. Mi siachi. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2017 watu wanaupenda sana kuutaja, walichukua wagonjwa 15 wa Crohn na wa vidonda vya utumbo mpana wakawapa Paleo ile kali zaidi, isiyo na mayai wala nyanya, wiki ya 6 watu 11 dalili zilikuwa zimetulia. Inatia moyo, ila ni watu 15, hakukuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo, na wengi walikuwa kwenye dawa zao. Halafu 2021 wakalinganisha diet moja inayokataza nafaka zote na ile ya watu wa Mediteranea ambayo nafaka zimo, wagonjwa wa Crohn 190 na kitu, matokeo yakakaribiana tu. Kwa hiyo mtu akikuambia nafaka ndo mchawi wa magonjwa yote ya tumbo mwambie asante uende zako.

Kitu ambacho ningetaka ukiulize mapema ni mifupa na damu. Ukitoa maziwa, kalsiamu lazima itoke mahali, mi nakula dagaa na samaki wa kopo nikitafuna na mifupa yake, na vitamini D napimwa kwa sababu steroidi zinakula mifupa. B12 inafyonzwa palepale mwisho wa utumbo mwembamba ambapo mimi pameharibika, kwa hiyo nachoma sindano, hata nikila maini kila siku haisaidii. Kwako wewe kama ni siliaki madini ya chuma ndo yatakuwa shida zaidi, maana yanafyonzwa mwanzoni mwa utumbo ambako ngano inapiga, pengine ndo huo uchovu unaousema kila siku. Waambie wapime ferritini, ndo inaonyesha akiba ya chuma mwilini.

Kwa watu sasa. Hapo sina dawa. Nikialikwa naenda nimekula, au nabeba kikopo changu, wenye nyumba wakiuliza nasema nina ugonjwa wa utumbo. Sisemi niko kwenye diet, maana ukisema diet kila mtu ana maoni na lazima akuonjeshe kidogo tu, ukisema ugonjwa wanakuachia.

Nimechoka kuandika mkono unauma. Majibu ya damu yakitoka nitumie picha ya ile karatasi, sehemu ya tTG hasa, ndo zile kingamwili za siliaki, na uniambie kama siku walipokuchukua damu ulikuwa bado unakula ngano. Nikiwa kimya usinune, jua niko kwenye dripu yangu ya dawa, huko wanatuzimisha simu.

Wako yuleyule