Barua ya wazi kwa shemeji yangu anayemdharau Phil Collins

Shemeji,

Salamu nyingi, na wasalimie wote hapo nyumbani. Nakuandikia hadharani kwa kuwa kauli yako nayo uliitoa hadharani, mbele ya ukoo mzima: eti Phil Collins ni mtu wa nyimbo za kuachwa zinazopigwa redioni usiku wa manane. Sikukujibu palepale kwa sababu pilau ilikuwa inapoa.

Jibu langu ni albamu moja tu, Seconds Out ya Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka Oktoba 1977. Karibu yote ilirekodiwa jukwaani Paris, katika ukumbi wa Palais des Sports, Juni mwaka huohuo. Wewe unamjua Collins mwimbaji. Huyu wa Genesis alikuwa mpiga drams, tena wa kuogopwa. Peter Gabriel, mwimbaji wao, alipoondoka mwaka 1975, bendi ilihangaika kutafuta mwimbaji, mwisho wa siku maikrofoni ikamwangukia yeye aliyekuwa amekaa nyuma.

Sasa drams apige nani? Wakamchukua Chester Thompson, Mmarekani aliyekwisha kupiga na mwanamuziki Frank Zappa na bendi ya Weather Report. Ila Collins hakuacha fimbo zake. Mahali ambapo hakuna cha kuimba, anarudi kukaa, na hapo ndipo kazi ilipo.

Sikiliza Afterglow, wimbo wa Tony Banks, mpiga vinanda wao. Ule wa studio ni mzuri lakini mpole mno. Huu wa jukwaani, sauti zikishatanda mwishoni, wanaume wawili wanashuka na drams kwa pamoja, kama gunia la nazi limefunguka juu ya ngazi, ila kila nazi inatua kwa hesabu. Narudisha nyuma kila mara. Kwangu mimi toleo la studio limeshakufa.

Kuna na The Cinema Show, ambao pekee ulitoka kwenye ziara ya 1976, wakati mpiga drams mgeni alikuwa Bill Bruford, yule wa bendi za Yes na King Crimson. Kipande kirefu cha vinanda kinakwenda kwa mapigo saba, si manne uliyoyazoea. Usihesabu. Tikisa kichwa tu, mguu utazoea wenyewe.

Sisemi haina kasoro. Firth of Fifth wameukata utangulizi wa piano, na hilo siwasamehe. Lakini solo ya gitaa ya Steve Hackett imebaki, anavuta noti moja mpaka unajiuliza atapumua lini. Inauma zaidi ukijua kwamba albamu ilikuwa bado inachanganywa studio yeye alipoaga bendi. Na Supper's Ready, uliojaza upande mzima wa tatu wa santuri, kuna sehemu namkumbuka Gabriel na vituko vyake. Collins anauimba vizuri, ila hatishi.

Kwa hiyo fanya hivi: anza na Afterglow, halafu Firth of Fifth, halafu The Cinema Show. Supper's Ready uache kwanza, una dakika 24 hivi na wewe subira yako naijua. Tumia spika za sebuleni, si za simu, na ukiona dada analalamika kelele, mwambie ni mimi niliyekutuma.

Shemeji yako