Mdogo wangu, liache kombe la bega litembee

Mdogo wangu,

Jumapili nilikukuta uani unanyanyua lile bomba lenye makopo ya zege. Nilinyamaza kwa sababu wenzako walikuwepo. Leo nasema hapa, na wengine wenye tabia yako wasikie.

Kuna mtu alikufundisha "bana mabega nyuma na chini", nawe umeifanya dawa ya kila ugonjwa. Ukiwa umelala kwenye benchi unasukuma chuma, sawa kabisa. Makombe, ile mifupa bapa ya mgongoni, yakibanwa unapata pa kuegemea. Ila wewe unayabana hata ukipandisha chuma juu ya kichwa, halafu unalalamika bega linachoma.

Mwite mama akuwekee kiganja mgongoni, kidole gumba kwenye ncha ya chini ya kombe. Pandisha mkono taratibu kupitia ubavuni. Atasikia ile ncha inateleza kuelekea kwapani. Mkono ukifika juu kabisa umetembea nyuzi 180 hivi: kama 120 ni za kiungo cha bega, 60 ni za kombe linalozunguka juu ya mbavu. Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, aliandika habari za mdundo huo wa kiungo na kombe kwenda pamoja mwaka 1934. Ukilibana kombe, umeunyima mkono theluthi ya safari yake. Sisemi maumivu yako yote yametoka hapo, mabega yana mambo mengi, na likikuuma mpaka usiku nenda hospitali.

Kombe lenyewe limeungwa na kifua kupitia mtulinga tu. Kwingine kote limeshikwa na misuli, 17 kwa jumla. Sasa kitu cha namna hiyo unakipigilia msumari wa nini?

Kwenye pushapu, viwiko vikishanyooka usiishie hapo: sukuma sakafu mpaka mgongo ujae na makombe yaachane. Ukishuka, yatakaribiana yenyewe. Hapo unaufanyisha kazi msuli wa ubavuni, ule unaowatokea mabondia kama meno ya msumeno. Ukilegea huo, kombe linachomoza mgongoni kama bawa la kuku.

Kwenye chin-apu, ning'inia kwanza, shusha mabega yaachane na masikio bila kukunja viwiko, ndipo ujivute juu.

Halafu lile bomba. Ulipoenda kuoga nililishika katikati nikalinyanyua, likalalia kulia. Kopo moja lina zege zaidi.

Kaka yako